Mashahidi Wawili wa Ua wa Sundet

Mbwa wa polisi aliuzunguka ua wa Rollie Sundet kwa mara nyingine. Alinusa lundo la kuni, akanusa mashua iliyofunikwa turubai, akanusa matairi chakavu, kisha akaketi juu ya theluji na kumkodolea macho bwana wake. Jamani, mnanitakia nini?

Mpelelezi Marlys Tveit hakumlaumu. Tangu jana jioni ua ule ulikuwa umepekuliwa, umepigwa koleo, umechomwa kwa vyuma virefu pembe hadi pembe, na hakikutoka kitu isipokuwa maiti ya paka na toroli ambalo Rollie mwenyewe alidhani liliibwa. Lakini saa ya Twila Haugen ilisema ni hapa. Na Marlys alikuwa mtu wa kukiamini kitu mpaka kimwongopee waziwazi.

Twila aliendesha basi la shule pale mjini Halden tangu Marlys akiwa mmoja wa abiria wake, mwenye kamasi na soksi zilizolowa. Hakuwahi kumwacha mtoto kituoni hata siku za tufani. Alhamisi alimpigia Marlys simu, sauti yake ya mtu aliyemeza mwiba.

"Nimemjua aliyemgonga Arvid Moen," alisema. "Kwenye simu sisemi, mwanangu. Mji huu una masikio. Kesho nikishawashusha watoto nakuja kwako."

Arvid alikuwa mzee wa kanisa. Aligongwa na gari wiki ya Krismasi, akaachwa kwenye mtaro mpaka theluji ikamfunika. Majira yote ya baridi Marlys alikuwa na vipande vya kioo cha taa mkononi na hana jina la kuvipachika. Basi Ijumaa Twila aliwashusha watoto wote, akaegesha basi mahali pake, akafunga mlango, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona.

Jumapili mchana saa aliyovaa mkononi ilituma ujumbe mmoja kwa binti yake Krista. Twila amebonyeza kitufe cha dharura. Yuko Barabara ya Tatu, ua wa Sundet. Kisha saa ikanyamaza, na leo Jumatatu ilikuwa bado kimya.

Krista alisimama kwenye uzio, mikono kakunja, macho mekundu. Yeye ndiye aliyemnunulia mamake saa ile baada ya kuteleza kwenye barafu mwaka jana. Twila alikuwa amezikataa nyingine zote. "Sivishwi kengele kama ng'ombe," alisema. Akaikubali hii kwa sababu haimwambii mtu uko wapi mpaka ubonyeze mwenyewe.

"Rollie namweka ndani," alisema Sherifu Duane Okerlund, akija huku anakung'uta theluji kwenye viatu.

"Kwa kosa gani, bosi?"

"La kuwa na ua!"

"Hata wewe una ua."

"Mimi sikusimama mbele ya mji mzima kwenye karamu ya samaki ya kanisa nikamwambia Twila nitamtumbukiza kwenye tundu la barafu ziwani."

Hilo lilikuwa kweli. Twila alikuwa amemsemea Rollie kwa askari wa wanyamapori kwamba anavua kupita kiasi, na Rollie si mtu wa kuziba mdomo. Ila Marlys alimjua Rollie tangu utoto, na maneno yake yangekuwa yanaua, Halden nzima ingekuwa makaburini.

"Kunywa, afande, kabla haijaganda."

Aliyemletea kahawa ni Lyle Grindahl, mtu wa kulima theluji ya barabara za nusu ya mji kwa jembe la mbele ya pikapu yake, na kuvuta kila kilichokwama. Tangu jana alikuwa pamoja na watafutaji, akigawa kahawa na vipande vya keki vya mkewe, akipiga koleo kuliko hata vijana.

"Asante, Lyle. Leo hulimi?"

"Jembe la gari nimelishusha tangu Alhamisi, msimu umekwisha. Leo navuta vibanda. Siku ya mwisho, si unajua. Jua likizama kibanda bado kiko ziwani, mwenyewe analimwa faini. Na barafu nayo imeanza kulia." Akamtazama Krista, akatikisa kichwa. "Mungu amsaidie huyu mtoto. Haya, mimi nakwenda. Mkinihitaji, nipigieni."

Pikapu yake iligeuza mbele ya uzio. Marlys aliitazama ikija, taa moja nyeupe pepe, ya pili imepauka rangi ya chai, ikapita, na mawazo yake yakarudi kwenye saa. Kahawa ilikuwa nzuri. Alijisikia vibaya kuifurahia.

Aliingia garini akapiga simu mjini Duluth, kwa Pahoua Lor. Huyu ndiye aliyeitengeneza ramani iliyomo ndani ya saa ile. Jana usiku sherifu alikuwa amemfokea hadi akakata simu.

"Mimi ni yule mwingine," Marlys alisema. "Asiyepiga kelele."

"Afadhali. Yule mzee wako kanitishia mahakama."

"Anataka kujua saa ilikuwa wapi Ijumaa na Jumamosi."

"Na mimi nilimjibu, dada. Sifichi, sina. Saa haituulizi kitu. Imebeba ramani ya kaunti nzima tumboni mwake. Inasikiliza waifai za karibu, inajitafutia yenyewe mahali ilipo, inanyamaza. Mama yangu mzazi akiivaa, mimi sijui aliko."

"Na ramani hiyo hukosea?"

"Ikitegemea waifai moja ingekosea, maana watu huhama na rauta zao. Tena ingeua watu. Mwanamke anamkimbia mume mkorofi, kabeba rauta ya nyumbani. Mume anaijua namba yake. Anaiuliza ramani, rauta hii siku hizi iko wapi? Kwisha. Ndiyo maana ramani yangu haisikilizi shahidi mmoja. Lazima waifai mbili, zinazojulikana kuwa majirani, zisikike kwa pamoja. Na moja ikionekana ina majirani wapya, tunaifuta."

Hilo lilimwingia Marlys. Mahakamani pia walipenda mashahidi wawili.

"Hizo mbili zilizosema Barabara ya Tatu ni za nani?"

"Sijui vilevile. Namba zao zimesagwa kabla ya kuingia kwenye ramani. Ukinipa hindi nakusagia unga. Ukiniletea unga, hindi sikurudishii. Ule ujumbe wa Krista una unga wa zote mbili, mwisho kabisa, yale maherufi yasiyosomeka."

"Na nikikuletea mahindi?"

"Nitasaga, tutalinganisha. Niletee, dada. Niko hapa, siendi kokote."

Kwa hiyo Marlys alishika Barabara ya Tatu nyumba kwa nyumba. Alipindua rauta zilizokaa juu ya friji, nyuma ya televisheni, chini ya vitambaa vya kufuma, akasoma namba za mgongoni na kumtajia Pahoua. Kila nyumba ilitaka kumpa kahawa, na kila nyumba ilisema inamwombea Twila. Kila mara Pahoua alisaga, na kila mara jibu likawa lilelile.

"Siyo. Unga mwingine."

Alimaliza upande wa kulia, akamaliza upande wa kushoto. Akarudi kusimama katikati ya ua wa Sundet na simu yake mkononi. Ilisikia waifai tatu, zote za nyumba alizokwisha kuingia. Mashahidi wawili walisema Twila yuko hapa, na wao wenyewe hapa hawakuwapo.

Aliupiga teke ule udongo wa theluji uliochimbuliwa na vijana. Kiatu kikagonga gogo. Akafagia kwa mkono. Gogo la mraba, limelala, la kuwekea kitu kizito juu yake. Jingine lile kule. Akafuata, akayapata manne yamepangika kama miguu ya kitanda, na manne mengine ubavuni mwake.

Jikoni kwa Rollie kulikuwa na joto na harufu ya viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga. Rollie alikuwa mezani, na pembeni yake Butch Aho, shemeji yake, kaka wa mkewe LaVonne, anayeishi nyumba ya pili na kula nyumba hii. Sherifu alisimama mlangoni, pingu zikining'inia kiunoni zionekane vizuri.

"Ulisema utamtumbukiza Twila kwenye tundu," Marlys alianza.

"Nilisema," alijibu Rollie. "Na mwaka juzi nilisema nitamtumbukiza huyu shemeji. Mbona anakula viazi vyangu?"

"Naingoja zamu yangu," alisema Butch, mdomo umejaa.

"Hapa si mahali pa mzaha!" sherifu alifoka.

"Duane, mama wa watu amepotea, nami mmenichimbulia ua mpaka maiti ya paka wangu mmeifukua. Nikilia mtaniachia? Sitalia."

Marlys alivuta kiti akaketi. "Magogo yale uani, manne na manne. Ni ya nini?"

"Ya vibanda."

"Vibanda gani?"

Mashemeji wakatazamana. Walimhurumia.

"Vya kuvulia, Marlys," Rollie alisema polepole. "Vya barafuni. Kiangazi vinalala pale juu ya magogo. Saa hizi viko ziwani. Ulitaka viwe wapi, Florida?"

Marlys alikuwa kaunti ile maisha yake yote. Babake alikuwa na kibanda, mjomba wake alikuwa navyo viwili. Aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, kisha aibu ikaondoka, ikabaki hamu.

"Vina waifai?"

Butch aliacha kutafuna. Rollie alimwangalia mkewe, akaangalia sahani.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo?" LaVonne aligeuka kutoka kwenye sinki, kijiko mkononi. "Ninyi si mliniambia kule mnakwenda kutulia na Mungu?"

"Ni mpira wa magongo tu, mke wangu. Na kamera ya kuonea samaki."

"Wote wawili mna rauta?"

"Huyu shemeji anashangilia timu za ajabu. Siwezi kuchangia naye."

"Zina nenosiri?"

"La nini? Nani aniibie intaneti katikati ya ziwa? Samaki?"

Sherifu alitaka kusema neno, Marlys akamwinulia mkono. Hakuwahi kumwinulia mkono bosi wake kabla ya siku ile.

"Vinakaa pamoja siku zote?"

"Ubavu kwa ubavu," alisema Butch. "Nchi kavu, ziwani, popote. Sisi hatubanani na wale wa kule ghubani wanaopiga muziki. Tunakaa peke yetu, ng'ambo ya ufa mkubwa wa barafu. Hakuna jirani hata mmoja."

Hapo Marlys aliliona jambo zima. Kiangazi, watu wenye simu zinazoilisha ramani ile walipita Barabara ya Tatu, wakasikia waifai mbili za vibanda, na ramani ikaziandika kuwa ni majirani wa ua wa Sundet. Baridi ilipokuja zikahama. Ramani ya Pahoua ingelijua hilo kama moja ingehama peke yake, au kama zingepata majirani wapya. Hizi zilihama pamoja, zikaenda mahali pasipo na mtu. Hakuna shahidi aliyesema uongo. Kila mmoja alisema tu, mimi niko na mwenzangu, na ndivyo ilivyokuwa.

"LaVonne," alisema, "rauta zile zilikuja kwenye maboksi. Maboksi mliyatupa?"

LaVonne alimtazama kwa dharau ya wazi. "Mimi? Nitupe boksi zuri?"

Alishuka chini ya nyumba, vitu vikasikika vikianguka, akapanda na maboksi mawili, vumbi hadi kwenye nywele. Marlys alisoma namba ya kwanza kwenye simu, kisha ya pili. Krista alikuwa ameingia bila kubisha hodi, kasimama nyuma ya sherifu, kashika fremu ya mlango.

"Dada," sauti ya Pahoua ilisema. "Ndizo. Zote mbili. Unga uleule."

"Kwa hiyo ni hawa!" Sherifu alishika pingu. "Ni vibanda vyao!"

"Subiri, bosi. Rollie, rauta inakula umeme. Mlipoondoka mliacha inawaka?"

"Betri inakufa ukiacha. Kuna swichi moja kila kibanda, na nyingine kubwa nje inayoviwasha vyote kwa pamoja. Ukiwasha taa, rauta inawaka. Ukizima, vyote vinazimika."

"Jana mchana mlikuwa wapi?"

"Hapa!" alisema LaVonne. "Ubatizo wa mjukuu wa mchungaji. Mji mzima uliwaona, huyu Butch alikula keki mpaka akaaibisha ukoo."

"Basi mtu mwingine aliwasha taa," Marlys alisema. "Aliwasha, saa ikazisikia rauta zote mbili, Twila akabonyeza, ujumbe ukapita kwenye waifai isiyo na nenosiri. Akazima, saa ikawa bubu tena. Nani anajua vibanda viko ng'ambo ya ufa?"

"Hakuna mtu. Tulivihamishia huko majuzi, samaki walipokataa kula. Ni mimi, shemeji, na aliyetuvutia."

"Nani aliwavutia?"

"Lyle. Nani mwingine anavuta vitu mji huu? Funguo anazo yeye. Leo anavitoa."

Taa moja nyeupe, nyingine rangi ya chai: moja ilikuwa imebadilishwa. Marlys alisimama kiti kikaanguka. Tangu Arvid agongwe jembe la theluji lilikuwa limeufunika uso wa pikapu ile, na Alhamisi Lyle alilishusha. Alhamisi Twila alipiga simu. Na ile kahawa yake Marlys alikuwa ameinywa yote.

"Amekwenda ziwani," alisema. "Amekwenda na kamba, mchana kweupe, mbele ya macho yetu, na sisi tumemwambia asante."

Rollie alikuwa ameshavaa kofia. "Gari la Duane ni zito kuliko pikapu ya Lyle, halivuki ufa. Pikipiki zetu za theluji ziko gereji. Butch, acha viazi!"

"Nimeacha!"

Sherifu alibaki kuita kikosi kwa redio na kumzuia Krista, kazi ambayo ilikuwa ngumu kuliko ya kikosi. Marlys alipanda nyuma ya Butch, Rollie akatangulia. Walishuka mteremko wa mashua wakaingia ziwani, maji ya kuyeyuka yakiruka pande zote mbili. Barafu ilikuwa ya kijivu, na kila mara kitu kilinguruma chini yake. Marlys aliogopa. Alimbana Butch kiunoni kwa nguvu zake zote na hakuona haya, akarudia moyoni neno moja tu: kimbia, kimbia, kimbia.

Ufa mkubwa ulikuwa umelazwa mbao nene. Walivuka. Mbele, pikapu ya Lyle ilikuwa imekwisha kufungwa kamba, inakokota kibanda cha kijani. Nyuma yake kilibaki kile chekundu cha Butch, peke yake.

"Anakwenda wapi huyu?" Butch alipiga kelele. "Nchi kavu iko huku! Kule ni mdomo wa mto!"

Kila mtu wa Halden anajua mdomo wa mto. Hapo barafu huwa nyeusi na nyembamba mwezi huu, na hakuna mwenye akili anayepapita. Kibanda kikizama pale siku ya mwisho, watu wangesema maskini Rollie, maskini Lyle, wangenunuliana bia. Nani angeuliza kilikuwa na nini ndani?

"Mpite," Marlys alisema. "Simama mbele yake."

"Mbele yake?"

"Mbele yake, Butch!"

Butch alipita, akageuza, akasimama. Marlys alishuka. Pikapu ilikuja, taa nyeupe, taa ya chai, ikapunguza mwendo na kusimama karibu kiasi cha kumwona Lyle usoni. Alikuwa ameloa jasho. Alishusha kioo.

"Toka hapo, Marlys! Barafu ya hapa haibebi watu wote hawa!"

"Basi zima gari upesi."

"Nazunguka ufa."

"Ufa tumeuvuka sasa hivi. Una mbao. Uliziweka wewe."

Barafu ililia, mlio mrefu uliopita chini ya miguu yao ukaishia mbali. Lyle alishika usukani kwa mikono miwili. Marlys hakutoa bastola. Aliona kwamba mtu huyu alikuwa amebakiza jambo moja la kuamua, na bastola isingemsaidia kuliamua vizuri.

"Sikumwona Arvid," Lyle alisema. "Naapa kwa Mungu. Theluji ilikuwa inakuja ubavu. Nilidhani ni sanduku la barua."

"Nakuamini. Twila ulimwona?"

Lyle alitazama kioo cha pembeni, kule kibanda kilikokuwa.

"Jana lazima ulimpelekea kahawa, Lyle, kama ulivyoniletea mimi. Ukamwashia taa ili aione. Mtu anayempelekea mwenzake kahawa hawezi kumzamisha leo. Zima gari."

Alizima. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, na Butch akaenda akachukua ufunguo na kumshika bega, maana hakujua la kufanya jingine.

Rollie alikuwa ameshafika mlangoni pa kibanda chake. Hakutafuta ufunguo. Alishika chuma cha kutobolea barafu akaipiga kufuli, akaipiga tena, akitukana matusi ambayo LaVonne hakujua kwamba anayajua. Mlango ukafunguka.

Twila alikuwa kwenye kona, amefungwa mikono na miguu, blanketi la Rollie la kuvulia limemfunika hadi kidevuni. Midomo ilikuwa ya buluu. Macho yalikuwa wazi. Jiko la gesi pembeni lilikuwa limekufa.

"Rollie Sundet," alisema kwa sauti kama ya karatasi. "Kibanda chako kinanuka."

"Ni samaki waliozidi," alisema Rollie. "Wale ulionisemea." Na alikuwa amekwisha kumkata kamba, anavua koti lake, anamvisha, anamfunga vifungo, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu.

Marlys alipiga magoti akaishika mikono ya Twila, baridi kama vyuma, akaanza kuisugua. Saa ilikuwa bado mkononi, ndogo, ya rangi ya kijivu, yenye kitufe pembeni. Mtu yeyote angedhani ni saa tu ya kumwambia majira.

"Lyle alijuaje, mama? Alijuaje kwamba umemtambua?"

"Nilimwambia," alisema Twila. "Niliiona taa, nikamwendea pale anapoegesha. Nikamwambia, Lyle, nakupa mpaka kesho uende mwenyewe kwa Marlys, itapendeza zaidi. Sikutaka kumvizia mtu. Si adabu."

Marlys alitaka kumgombeza. Alitaka kumkumbatia mpaka amvunje mbavu. Redioni sherifu alikuwa anauliza kitu, na nyuma ya sherifu Krista alikuwa anapiga kelele, na Marlys akajibu, "Tunaye. Mzima. Mwambie binti yake yu mzima," akasikia kelele zile zikigeuka kilio cha namna nyingine.

"Jana alipowasha taa nikabonyeza kwa nyuma, mikono imefungwa hivi," Twila aliendelea. Alikuwa anasinzia, na Marlys alimtikisa. "Kitu kikanitekenya mkononi, nikajua imekwenda."

"Ilikwenda, mama. Ila ilitupeleka uani kwa Rollie. Ungebonyeza mara mbili, ungebonyeza mara kumi, tungeona ni waifai zilezile mbili tu, bila jirani mwingine, tungeuliza mapema zaidi. Kwa nini mara moja tu?"

Twila alimtazama yule mtoto wake wa zamani, wa kiti cha tatu nyuma ya dereva, na alionekana kuona haya kidogo.

"Ilikuwa Jumapili, mwanangu. Watu walikuwa kwenye ubatizo. Sikutaka kuwasumbua."

Marlys alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na hakujali nani anamwona. Alikichukua kidole gumba cha Twila, kilichokakamaa, akakiweka juu ya kitufe kile, akakishikilia hapo kwa kidole chake.

"Siku nyingine, mama," alisema, "sumbua."